Tahadhari kwa wanaotafuta wakili wa talaka, malezi ya watoto au dhamana: hakikisheni jina kabla ya kulipa

Ndugu zangu, naandika haya kwa ajili ya yeyote ambaye wakati huu anatafuta wakili wa shauri la talaka, la malezi ya watoto au la ndugu aliyewekwa mahabusu. Mdogo wangu wa kike amepoteza shilingi 1,850,000 na miezi minane mikononi mwa mtu tuliyekuwa tukimwita wakili hapa Dar es Salaam, na mtu huyo hajawahi kuwa wakili hata siku moja.

Alikuwa na ofisi ya chumba kimoja, katika ghorofa lenye mafundi cherehani na wauza simu. Nyuma ya kiti chake lilitundikwa joho jeusi, na kando yake cheti cha shahada ya sheria ndani ya fremu. Cheti kile ndicho kilichotupofusha. Hatukujua kwamba shahada humfanya mtu kuwa mwanasheria tu, na kwamba ili awe wakili inampasa kumaliza mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, akubaliwe na Jaji Mkuu, jina lake liingizwe katika daftari la mawakili linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu, kisha ahuishe leseni yake kila mwaka. Anayefanya kazi hiyo bila kupitia njia hiyo ndiye tunayemwita kishoka, na Sheria ya Mawakili inakitaja kitendo chake kuwa ni kosa.

Mdogo wangu alipokwenda kwake, kazi ngumu ilikuwa imekwisha kufanyika. Alikuwa amepita Baraza la Kata, mume aliitwa, usuluhishi ukashindikana, na akapewa hati ya Baraza inayotakiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kabla ya mahakama kupokea maombi ya talaka. Hati hiyo ina uhai wa miezi sita tu. Bwana yule aliichukua, akachukua pia cheti halisi cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akaviingiza kwenye bahasha ya kaki na kuandika jina la mdogo wangu kwa kalamu nyekundu. Kwa malipo ya kwanza alitupa stakabadhi iliyochanwa kwenye kitabu kile kinachouzwa maduka ya vifaa vya ofisi, isiyo na namba ya mlipakodi wala anwani. Niliiona kasoro hiyo siku ileile na sikusema neno, kwa kuwa niliona aibu kumhoji msomi mbele ya mdogo wangu aliyekuwa analia. Kwa hilo najilaumu hadi leo.

Kila tulipouliza, tuliambiwa shauri limefunguliwa na linasubiri kupangiwa hakimu. Mara ziliombwa fedha za kuchapisha, mara za kumpelekea mdaiwa wito, na mara moja, kwa sauti ya chini, "kitu kidogo cha hakimu". Nawaomba msikilize vizuri hapa: anayekuomba fedha ya hakimu anakuingiza wewe mwenyewe katika kosa la rushwa, kwa sababu sheria inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113, na kuipiga ni bure.

Hatimaye alimtumia mdogo wangu kwa WhatsApp picha ya wito wa mahakama, iliyokatwa juu hata mhuri hauonekani vizuri. Nilipotazama tarehe kwenye kalenda nikakuta ni Jumamosi. Jumatatu iliyofuata tulikwenda masjala ya mahakama, ofisi inayotunza majalada ya mashauri, tukiwa na namba ya shauri iliyoandikwa kwenye karatasi ile. Karani aliiingiza kwenye kompyuta, akanyamaza kidogo, kisha akatugeuzia kioo tusome wenyewe: lilikuwa shauri la mirathi la familia nyingine kabisa, na lilikwisha kuamuliwa. Kwa jina la mdogo wangu hapakuwa na kitu chochote. Kufikia siku hiyo hati ya Baraza ilikuwa imekwisha muda, na katika miezi hiyo mume alikuwa amemhamishia mtoto kwa bibi yake mkoani, jambo ambalo lingeweza kuombewa amri ya muda mapema kama kweli kungekuwa na shauri mahakamani.

Wenye ndugu waliokamatwa wako hatarini zaidi, maana hofu haiwapi nafasi ya kuuliza. Jirani yetu, ambaye kijana wake ni dereva wa bodaboda, alikutana na mtu nje ya kituo cha polisi aliyejitambulisha kuwa wakili na kuchukua shilingi 300,000 "za dhamana". Dhamana haiuzwi. Mdhamini husaini hati ya dhamana, hutoa kitambulisho chake na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa, na polisi hawalipwi chochote. Ada ya wakili ni jambo jingine, na ni lazima itajwe kwa jina lake.

Sisemi kwamba wakili anayefanya kazi peke yake ni wa kuogopwa. Anayelisimamia shauri letu sasa yuko peke yake, hana hata karani, na siku ya kwanza alitupa namba yake ya uwakili kabla hatujaiomba. Namba hiyo, au jina kamili, unaweza kuitafuta katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania ukaona kama anaruhusiwa kufanya kazi, au ukauliza Chama cha Mawakili Tanganyika. Ukilipata jina, hakikisha pia kwamba aliyekaa mbele yako ndiye mwenye jina hilo, kwa kuwa wapo wanaotumia mihuri ya wenzao. Mkubaliane ada kwa maandishi. Mpe nakala, vyeti halisi ubaki navyo. Ada ya kufungua shauri hulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, kwa hiyo omba uione na uilipe mwenyewe. Ukipewa namba ya shauri, nenda masjala wiki hiyohiyo, usisubiri kama tulivyosubiri sisi.

Asiye na uwezo wa kulipa aulize kwanza kuhusu watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao huduma yao ni bure.

Malalamiko dhidi ya wakili halisi hupelekwa Kamati ya Mawakili. Kishoka hayumo kwenye daftari, hivyo anashtakiwa polisi, na sisi tumekwisha kufungua jalada. Chumba chake sasa kinauza vipodozi na simu yake haipatikani. Mdogo wangu amerudi Baraza kuanza upya, na cheti chake cha ndoa bado kimo ndani ya ile bahasha ya kaki. Kama nawe uliacha vyeti vyako kwa mtu wa namna hii na umepewa namba ya shauri ambayo hujawahi kuikagua, nenda masjala kesho asubuhi, na ukikuta si yako, nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako, siku hiyohiyo ukiwa na stakabadhi na ujumbe wote wa simu.