Filamu ninazipima kwa mtu anayefungua mlango

"Rudisha hapo," mama aliniambia.

Ilikuwa Jumapili alasiri, sebuleni kwetu Kayole, Nairobi, na nilikuwa nimemwekea Sarafina!, ile ya mwaka 1992 ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini. Nilidhani nimeiweka kwa sababu ya nyimbo. Shuleni tulionyeshwa siku ya kufunga muhula, na nilizijua nyimbo zake kabla sijajua Soweto iko wapi. Mama alikuwa anakata sukuma wiki kwenye sinia, jicho moja kwenye runinga, jingine kwenye kisu. Leleti Khumalo, ndiye Sarafina, alipofika kumwona mama yake kazini, kwenye nyumba ya wazungu, kisu kikasimama. Mama yule, Angelina, anaigizwa na Miriam Makeba. Nikarudisha. Akasema rudisha tena. Mara ya tatu ndipo akasema, "Mwangalie vizuri. Anaongea na mtoto, lakini masikio yake yako ndani ya nyumba. Akiitwa ataenda."

Mama yangu alifanya kazi ya nyumba Lavington miaka kumi na minne. Mimi na kaka yangu tulikuwa tukimwona Jumamosi jioni, na Jumapili usiku anashika matatu kurudi. Kwa hiyo alijua anachokisema. Mimi nilikuwa nimeitazama filamu ile mara nne au tano, na macho yangu yote yalikuwa kwa wanafunzi, kwa mwalimu anayeigizwa na Whoopi Goldberg, kwa risasi na machozi. Angelina nilimpita tu. Siku hiyo nilimwona, na nikaelewa kwa nini Sarafina, baada ya mateso yote ya kizuizini, anamrudia mama yake kwa heshima aliyokuwa hana mwanzoni.

Mimi si mchambuzi wa filamu. Ni fundi wa nguo, nina cherehani yangu katikati ya jiji, na sinema ni mapumziko ya mwisho wa wiki, ukumbini pesa zikiwepo, nyumbani zisipokuwepo. Wateja wakija kupimwa huniuliza watazame nini. Tangu Jumapili ile nimekuwa na swali moja ninaloliuliza kila filamu, na ndilo ninalotumia hapa: yule anayefungua mlango, anayeleta chai, anayeshika usukani, filamu inamtazama ama inampita?

Nianze na The Godfather ya 1972, kwa sababu ndiyo iliyonishangaza zaidi. Niliikwepa miaka mingi nikidhani ni ya wanaume na bastola. Ni dakika 175, nikaikata kwa jioni mbili baada ya kazi. Sauti ya kwanza unayoisikia si ya Marlon Brando, yule mzee mkuu wa genge. Ni ya Bonasera, mtu wa kuandaa maiti, anayekuja kulilia haki ya binti yake aliyepigwa. Filamu inampa nafasi yote aseme mpaka amalize. Halafu katikati kuna Enzo, mwoka mikate. Enzo anafika hospitalini usiku na maua, amekuja kumjulia hali mzee aliyemsaidia, na anakuta hakuna mlinzi hata mmoja. Michael, mwana wa mzee, ndiye Al Pacino, anamsimamisha mlangoni pamoja naye, akamwambia aweke mkono ndani ya koti kama mtu mwenye bunduki. Gari linakuja polepole, wanaume wanaangalia, gari linaondoka. Enzo anatoa sigara na mikono inatetemeka hadi kiberiti cha gesi kinamshinda. Michael anamwashia. Kisha Michael anautazama mkono wake mwenyewe, na hautetemeki hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa Michael. Bila mwoka mikate yule nisingejua lolote lililotokea moyoni mwake. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na naipa filamu hii alama zote nilizonazo.

Out of Africa ya 1985 ni shida kwangu, na nitaieleza polepole kwa sababu ni ya kwetu na si ya kwetu. Meryl Streep ni Karen Blixen, bibi wa kizungu mwenye shamba la kahawa, Robert Redford ni mpenzi wake Denys Finch Hatton, mwelekezi ni Sydney Pollack, na ilichukua tuzo 7 za Oscar, pamoja na ile ya filamu bora. Milima ya Ngong imepigwa vizuri kiasi kwamba siku iliyofuata nilipoiona kwa dirisha la matatu niliiangalia kama mgeni. Nyumba yenyewe ya Karen ni jumba la makumbusho tangu 1986, unaweza kwenda na kurudi mchana mmoja.

Ndani ya nyumba ile kuna Farah, anayeigizwa na Malick Bowens, mwigizaji kutoka Mali. Yupo mwanzo hadi mwisho. Anapokea mizigo, anasimamia jikoni, anatafsiri, anajua pesa zimeisha kabla bibi hajakubali kwamba zimeisha. Bowens anaigiza kwa shingo na macho, nguo nyeupe imenyooka (mimi kama fundi niliziona zile nguo kwanza), na kila akiingia chumba kinatulia. Mwishoni kabisa, kwenye stesheni ya reli, Karen anamwomba amtaje kwa jina lake. Anamtaja. Mara ya kwanza nililia.

Mara ya pili niliitazama na mama, na mama akauliza, "Na huyo Farah, treni ikishaondoka, anaenda wapi?" Nikatafuta jibu kwenye dakika zote 161 nilizozitazama, sikulipata. Mlango wa nyumba yake hatuonyeshwi kama tunavyoonyeshwa milango ya yule bibi. Filamu inajua jinsi anavyoshika taa, haijui anaiwekea nani taa hiyo akifika kwake. Bado nawaambia wateja waitazame, kwa ajili ya Bowens na kwa ajili ya ile ndege ndogo juu ya flamingo. Lakini nawaambia pia wamwangalie mtu anayesimama nyuma ya kiti, wala wasiache kumwangalia.

Titanic ya 1997 nilidhani nitaichoka. Saa tatu na robo hivi, na sote tunajua meli itazama. Hadithi ya Jack na Rose sikuibeba hadi nyumbani. Nilimbeba mama mmoja wa daraja la tatu ambaye maji yakipanda anawalaza watoto wake wawili kitandani na kuwasimulia hadithi ya nchi ya ujana, ili walale. Ni sekunde chache tu. Filamu hiyo ya James Cameron ilichukua tuzo 11 za Oscar, na mimi ningeipa zote kwa sekunde hizo.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa picha za Kihindi. Alizitazama ukumbini mjini akiwa kijana, enzi zile kumbi zilikuwa kumbi; nyingi zimefungwa sasa, na baadhi zimegeuzwa makanisa. Filamu yake ilikuwa Sholay ya 1975. Nilikua nikidhani anampenda Amitabh Bachchan au Dharmendra, au basi lile jambazi Gabbar Singh ambalo watoto wa plotini tuliliiga kwa fimbo. Kumbe yeye alikuwa akimsubiri imamu wa kijiji, mzee kipofu. Majambazi wanamuua mwanawe, na farasi anauleta mwili kijijini. Watu wote wanakusanyika, hakuna anayethubutu kusema. Mzee anakuja akipapasa na fimbo yake na kuuliza kwa nini pamekuwa kimya hivi. Baba, ambaye alikuwa akitufasiria kila neno kwa sauti kubwa, hapo alikuwa ananyamaza na sisi.

Black Panther ya 2018 niliingia ukumbini nimevaa kitenge nilichojishonea. Filamu ile ilionyeshwa Kisumu kabla ya kufika kwa watu wote, na Lupita Nyong'o ni mtoto wetu, hakuna aliyekaa kimya ukumbini. Mavazi yake, kazi ya Ruth Carter iliyopata Oscar, niliyasoma mshono kwa mshono. Naipenda. Ila nina dai langu lile lile: Wakanda, nchi ya filamu ile, ina wafalme, majenerali na wanasayansi, na soko lake linapita upesi mno. Nilitaka dakika mbili tu na mama wa mboga wa Wakanda. Anaamka saa ngapi? Anauza kwa bei gani?

The Lion King ya 1994 sitaisema sana, watoto wanaijua. Inaniuma tu kwamba fisi alipewa jina Shenzi, neno ambalo watumishi wa zamani walitupiwa usoni kwenye nyumba za mabwana. Mama hulisikia tofauti na mimi.

Kibandani ndiko nilikojifunza kutazama, nadhani. Kayole kulikuwa na kibanda cha mabati, shilingi kumi, mabenchi bila egemeo, na msimulizi mwenye maikrofoni aliyekuwa akifasiri filamu za Kizungu na Kichina kwa Kiswahili na Sheng, kazi ambayo DJ Afro ameifanya ijulikane nchi nzima. Msimulizi wetu alikuwa na huruma ya ajabu. Steringi, yaani shujaa wa filamu, akiingia kwenye ngome ya adui na kuangusha askari kumi, yeye alikuwa anawapa wale askari majina. Mmoja alikuwa na bibi Machakos. Mwingine alikuwa anamaliza zamu saa kumi na mbili. Sisi watoto tulipiga kelele tukimtaka steringi asimpige huyo.

Ndiyo maana Nairobi Half Life ya 2012, ya David "Tosh" Gitonga, ilinishika kooni. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa mashambani anayeuza filamu kwa kuziigiza mbele ya wateja. Anakuja jijini kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ya kwanza, na anajikuta kwenye seli akisafisha choo kisichosemeka. Katika filamu nyingine angekuwa mwizi nambari tatu, anayepigwa risasi dakika ya ishirini na hakuna anayeuliza jina. Hapa yeye ndiye filamu. Na Oti wa Olwenya Maina, kiongozi wa kikundi cha kuiba spea za magari, ana macho ya mtu aliyechoka kitambo. Mitaa ile ndiyo ninayopita nikienda kununua zipu na nyuzi. Wanaongea tunavyoongea, Sheng inaingia na kutoka bila kuombwa ruhusa.

Lazima niseme jambo moja lililoniudhi. Nilitazama filamu moja ya Kikenya katika ukumbi ambao sitautaja, tiketi shilingi mia saba. Picha safi, viti safi. Mara tu majina yalipoanza kupanda, taa zikawashwa, picha ikakatwa, na mfagio ukaanza kupita chini ya miguu yetu. Mama alikuwa pembeni yangu akitafuta miwani yake ili asome. Nilimwendea msimamizi, nikamwambia tumelipia mpaka jina la mwisho. Akajibu kwa adabu kwamba watu huondoka. Si kweli, sisi tulikuwa tumekaa. Majina yale ni ya madereva, ya mafundi wa mavazi wenzangu, ya waliobeba taa juani siku nzima. Filamu ya kigeni ya mashujaa kwenye ukumbi huo huo huachwa hadi mwisho kwa sababu kuna kipande kimefichwa baada ya majina. Nawaomba wenye kumbi wote wa Nairobi: acheni majina yapande. Ni dakika chache.

Kwa hiyo Supa Modo ya mwaka 2018, kazi ya Likarion Wainaina, sikutaka kuihatarisha ukumbini. Tuliitazama nyumbani. Jo, mtoto wa miaka tisa anayeigizwa na Stycie Waweru, ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na ndoto yake ni kuwa shujaa wa filamu. Dada yake Mwix anamshawishi kwamba ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinakubali kuibeba siri hiyo, kisha wanaamua kumtengenezea filamu yake. Hakuna mtu wa kupitwa katika filamu hii. Kila jirani ana kazi, kila mtu anaigiza ili mtoto mmoja aamini. Marrianne Nungo, kama mama yake, anabeba kitu kizito sana usoni bila kukimwaga: anataka mtoto apumzike, na mtoto anataka kuruka. Filamu haichukui hata saa moja na nusu, na ndiyo ninayoitaja kwanza mteja akiniuliza.

Ilipoisha hatukuamka. Mama alivaa miwani, akasogeza kiti karibu na runinga, akasoma majina kwa sauti ndogo, moja moja, kama anayesoma barua kutoka nyumbani. Akasimama kwenye moja, akageuka.

"Na waliowapikia, wameandikwa?"

Nikasimamisha picha, nikarudisha nyuma, tukaanza kutafuta.