Kunakili Sherehe Yote au Vazi Moja Tu?

Mwanafunzi anayejifunza uchoraji kwa kunakili mchoro wa ukutani wa Pinturicchio, mchoraji wa Italia, ulio katika Maktaba ya Piccolomini huko Siena, Italia, unaoonyesha Mfalme Frederick III akikutanishwa na bibi harusi wake, Eleonora wa Ureno, mwaka 1452, ana njia mbili: kuunakili wote kwa kuugawa katika miraba na kuuhamisha mraba mmoja mmoja, au kuchagua sehemu moja.

Njia ya kwanza hufundisha mpangilio, yaani jinsi askofu aliye katikati anavyowaunganisha maharusi huku nguzo iliyo nyuma yao ikivuta macho papo hapo. Hata hivyo nyuso ni nyingi mno, na anayeanza huzijaza harakaharaka hadi zote zikafanana.

Anayenakili vazi la Eleonora pekee hulazimika kutazama mkunjo unaanzia wapi, kivuli kinakatika ghafla wapi na kinafifia polepole wapi. Kwa maoni yangu anayeanza achague njia hii, ingawa haitamfundisha kupanga umati. Ufundi wa kupaka rangi juu ya lipu mbichi ya ukuta, kama ulivyochorwa mchoro huu, lipu ambayo hukauka upesi na kumnyima mchoraji nafasi ya kusahihisha, hataupata kwa njia yoyote akitumia rangi ya mafuta.