Tiketi yangu ilikufa tukiwa tumesimama

Niseme mapema kwamba nilikuwa mtu wa kuisifu treni hii. Nimeipanda kwenda uwanja wa ndege mara nyingi mno, na shemeji yangu nilimsumbua mpaka akaachana na teksi. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia nina chuki na reli nyepesi, yaani hizi treni za mjini. Chuki yangu ni kwa kijana mmoja aliyevaa kizibao cha rangi ya kuwaka, mkononi ana kimashine cha kusomea kadi, na kila nikijaribu kuandika habari za treni najikuta nimerudi kwake.

Ni kama miezi mitatu imepita, au minne. Asubuhi, siku ya kazi. Safari za ndege zinanitia kiwewe, kwa hiyo nilitoka nyumbani mapema kuliko mtu mwenye akili timamu. Nikagonga kadi kituo cha katikati ya mji, nikasubiri robo saa hivi, nikapanda. Mpaka hapo sina neno. Sakafu ya behewa iko sawa na jukwaa, begi la magurudumu linaingia lenyewe. Treni ikikaribia makutano taa zinaipisha, magari yamejipanga huku na huku, madereva wanaitazama inavyopita. Ile raha ya kuipita foleni umekaa dirishani ina utoto ndani yake, nakiri, lakini ni raha.

Tumebakiza vituo viwili, mwendo ukapungua. Ukapungua tena. Tukasimama katikati ya hakuna kitu: uzio upande huu, majani upande ule, na kwa mbele ndege zinashuka moja baada ya nyingine, karibu kabisa, hata rangi za mikia unaziona. Kiyoyozi kikanyamaza. Taa nyingi zikazimika, zikabaki chache za dharura.

Dakika tano. Kumi. Robo saa. Hakuna aliyetuambia kitu. Mbele yangu alikaa baba mmoja na mtoto wake wa kiume, wa miaka minne au mitano, amebandika uso kiooni. Akauliza kwa sauti ya behewa zima: “Baba, mbona ndege zinafika na sisi hatufiki?” Watu wakacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho tulichocheka mle ndani.

Sababu tuliijua baadaye sana, kutoka kwa fundi aliyekuwa akitembea kando ya reli na abiria mmoja akamuuliza kupitia kidirisha cha juu. Nailoni, lile la kufunikia vitu sehemu za ujenzi, lilipeperushwa na upepo likanasa kwenye waya wa umeme. Treni iliyokuwa mbele yetu ikapita hapo, na kile kikono cha juu ya paa kinachochukua umeme, pantografu, kikavunjika. Umeme ukakatwa kipande kizima. Na reli si barabara, mwenye haraka hawezi kuchomoza pembeni akampita aliyekwama. Mmoja akisimama, mmesimama wote.

Hilo silalamikii. Upepo hauna msimamizi. Wala silalamikii kufungiwa milango, ingawa wakati ule nilikuwa tayari kuruka. Waya wa treni kama hizi mara nyingi unabeba volti 750, na umeme unaweza kurudishwa muda wowote. Huwezi kuwamwaga abiria na mabegi yao relini watembee kama wanatoka sokoni. Nimelifikiria, nimelikubali.

Ninalolalamikia ni ukimya. Dereva alikuwepo. Tulimwona anaingia chumba chake, na hakutoka. Nimemuuliza jamaa yangu anayefanya kazi ya umeme wa treni: umeme wa waya ukikatika, betri za treni ndizo zinazobeba taa za dharura, na betri hizo hizo zinabeba kipaza sauti. Kwa hiyo kama taa zilikuwa zinawaka, mdomo nao ulikuwa unaweza kuwaka. Sentensi moja tu: “Kuna waya umeharibika, tutachukua kama saa moja.” Watu wangepiga simu zao, wangepanga mambo yao. London kuna treni za Docklands zinazofika London City Airport tangu 2005, na zile hazina kabisa dereva wa kushika usukani, lakini ndani ya kila treni yuko mfanyakazi anayefunga milango na kusema na abiria. Wao hawana dereva na wanasemeshwa. Sisi tuna dereva na tuliambiwa habari na fundi wa nje, kupitia dirishani.

Lakini hata hayo ningeyasahau. Kweli. Umeme ulirudi baada ya kama saa nzima, tukasogea taratibu hadi kituo cha uwanja wa ndege, na milango ilipofunguka nilikuwa na hasira kidogo na shukrani nyingi. Laiti ingeishia hapo ningewapa nyota nne.

Chini ya ngazi walikuwa wamejipanga wakaguzi. Treni hizi hazina mageti. Unagonga kadi, unapanda, na siku yoyote unaweza kukaguliwa. Utaratibu mzuri, unamwamini mtu. Tiketi inaishi dakika 90 tangu ulipogonga. Nikampa kijana kadi yangu kwa moyo safi kabisa. Kimashine kikalia mlio mbaya.

“Mama, tiketi imekufa.”

“Imekufa saa ngapi?”

Akatazama. “Dakika kumi na moja zilizopita.”

“Na dakika kumi na moja zilizopita nilikuwa wapi, mwanangu? Si ndani ya treni yenu, imesimama, mmenifungia mlango?”

Nilidhani atacheka. Ni jambo la kuchekesha, mtu yeyote angecheka. Yeye akaanza kuandika faini, hata macho hakuinua, na akasema neno ambalo mpaka leo linaniamsha usiku: “Kila asiye na tiketi ana hadithi yake.”

Hadithi! Nyuma yangu kulikuwa na behewa zima la mashahidi, watu wamelowa jasho kama waliotoka kuvua, na yeye ananiambia hadithi. Nikamwonyesha. Akasema yeye haendeshi treni, kimashine kinasema kilichosema, nina haki ya kukata rufaa. Sauti yangu ilipanda, sikatai. Akaniambia nisimpigie kelele yuko kazini. Watu wakawa wanapita wananitazama kama mwizi wa nauli.

Halafu akapita yule baba na mtoto wake. Kimashine kikalia vizuri, akaambiwa safari njema. Unajua kwa nini? Kwa sababu yeye alifika jukwaani mwisho mwisho, akagonga kadi treni inaingia. Mimi niliyewahi, nikagonga, nikasubiri kwa adabu, muda wangu ulianza kuliwa pale pale jukwaani. Tumepanda treni moja, tumekwama pamoja, tumeshuka pamoja. Nimetozwa faini kwa kuwahi. Ningekuwa mzembe ningepita.

Sasa nitasema jambo ambalo linaharibu malalamiko yangu, lakini sipendi kudanganya: ndege niliiwahi. Nayo ilichelewa. Nilikaa kwenye mlango wa kupandia karibu saa mbili na ile karatasi ya faini mapajani, na hakuna mtu wa ndege aliyeniambia tiketi yangu imekufa kwa kuwa wao wamechelewa. Shemeji anasema basi hasara iko wapi. Anasema teksi ingenila zaidi ya nauli na faini ukijumlisha, jambo ambalo ni kweli na halinisaidii.

Nikipoa naona nimewaonea. Siku nyingine zote inafika kwa wakati, safi, na mtu mwenye begi kubwa hahangaiki. Abuja nao walizindua reli yao inayofika uwanja wa ndege 2018, ikalala tangu wakati wa Korona 2020 mpaka 2024 ndipo ikarudi. Miaka ile yote watu wakatafute usafiri mwingine. Mimi nimelala dakika sitini naona dunia imenigeuka. Na yule kijana labda alikuwa amepigiwa kelele tangu alfajiri na treni zote zilizotangulia. Labda na yeye hakuambiwa kwamba kuna treni iliyokwama. Kama dereva hatuambii sisi, nani atamwambia mkaguzi? Nikiandika hivi namwonea huruma. Basi, nyota tatu. Na wiki ijayo nina safari, na kadi nimeshaijaza salio, kwa hiyo mwenye kusema ninajipinga aseme.

Niliandika mpaka hapo jana usiku, nikaacha. Leo asubuhi limeingia jibu la rufaa yangu, baada ya wiki zote hizi. Ninalisoma mara ya nne. Wanasema wamepokea maelezo yangu, wanathibitisha kweli siku ile treni ilisimama kutokana na hitilafu ya waya, wanasikitika kwa usumbufu. Kisha wanasema ili faini ifutwe niwatumie picha ya tiketi iliyokuwa hai wakati wa ukaguzi.

Nyota moja. Zile mbili nazichukua.