Albamu za Thrash Metal za Miaka ya 1980: Zipi Zinunuliwe Kwanza Baada ya Zile Maarufu

Anayetafuta albamu za thrash metal, yaani roki nzito ya kasi kubwa, za miaka ya 1980 kwa kawaida huwa tayari ana kazi za Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax, na hatari inayomkabili ni kutoa fedha zake kwa albamu inayofanana na zile alizo nazo, ila imepigwa kwa ustadi mdogo zaidi. Kwa sababu hiyo nimezipanga albamu zifuatazo kwa kigezo kimoja tu, nacho ni kama zinampa msikilizaji kitu ambacho bendi hizo nne hazikumpa.

Nafasi ya kwanza naipa No More Color ya Coroner, bendi ya watu watatu kutoka Zürich, Uswisi, iliyotolewa mwaka 1989 na lebo ya Noise ya Ujerumani. Coroner walichomoka kwenye kivuli cha Celtic Frost, bendi nyingine ya Uswisi ambayo wao Coroner waliwahi kuibebea na kuifungia vyombo, lakini kufikia albamu hii ya tatu walikuwa hawafanani na mtu yeyote. Tommy Vetterli anapitisha kwenye gita vifungu vinavyokumbusha muziki wa klasiki wa Ulaya, na bado hajionyeshi, kwa maana kila solo inakwisha kabla hujaichoka. Ron Broder anaimba kwa sauti ya kukwaruza huku besi yake ikisikika vizuri chini ya gita, jambo ambalo mwenye ...And Justice for All ya Metallica atalithamini haraka, kwa kuwa katika albamu hiyo ya 1988 besi karibu haisikiki kabisa. Albamu nzima haifiki dakika 40, na sioni wimbo wa kurukwa.

Darkness Descends ya Dark Angel wa Los Angeles inashika nafasi ya pili. Ilitoka mwaka 1986, mwaka uleule wa Reign in Blood ya Slayer, na wengi huipuuza wakidhani ni kivuli cha hiyo. Tofauti iko kwenye pumzi: nyimbo nyingi za Slayer katika albamu ile zinamalizika kabla ya dakika ya tatu, ilhali Dark Angel wanaushikilia mwendo mkali kwa zaidi ya dakika 4 katika nyimbo nyingi, na wimbo wa "Black Prophecies" unapita dakika 8. Anayeibeba kazi hiyo ni mpiga ngoma Gene Hoglan, ambaye wakati huo alikuwa hajafikisha miaka 20. Sauti ya rekodi yenyewe ni nzito na imefifia kidogo, na anayependa usafi wa studio aisikilize kwanza kabla ya kulipa.

Ya tatu ni Killing Technology ya Voivod kutoka Quebec, Kanada, ya mwaka 1987. Gita la Denis D'Amour limejaa kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinazogongana kwa makusudi, na msikilizaji mgeni huweza kudhani halijafungwa nyuzi sawasawa. Hapa nashauri CD badala ya santuri, kwa kuwa ina nyimbo mbili za ziada zilizotoka kwanza kwenye santuri fupi ya Cockroaches.

Baada ya hizo nazitaja kwa ufupi History of a Time to Come ya Sabbat wa Uingereza (1988), inayomfaa anayependa mashairi marefu yenye maneno mengi, na Forbidden Evil ya Forbidden wa California (1988), ambayo mwimbaji wake, Russ Anderson, ana koo la kupanda juu kuliko wengi wa fani hii. Evil Invaders ya Razor (1985) inasisimua, lakini kwa kigezo changu inabaki mwisho.

Kuhusu toleo la kununua, sioni sababu ya kukimbilia santuri ya kwanza kwa bei kubwa. Albamu za awali za Coroner zilitolewa upya mwaka 2018, na kwa msikilizaji wa kawaida matoleo hayo yanatosha. Tahadhari ni kwamba matoleo mapya ya miaka ya 1990 na kuendelea mara nyingi huongezwa ukubwa wa sauti kiasi kwamba mapigo ya ngoma hupoteza makali yake, hivyo CD ya zamani ya miaka ya 1980, ikipatikana kwa bei nafuu, huweza kuwa bora kuliko zote. Anayeng'ang'ania santuri ya zamani amwombe muuzaji picha mbili: moja ya uso wa santuri ukiwa umeinamishwa chini ya taa, ambapo mikwaruzo hujitokeza, na nyingine ya maandishi yaliyochongwa karibu na karatasi ya katikati, ambayo hulinganishwa na kumbukumbu za Discogs, tovuti inayoorodhesha matoleo ya rekodi, ili kujua kama ni toleo la kwanza, la baadaye au la bandia. Muuzaji akikataa kutuma picha ya pili, ni bora kumwacha na santuri yake.