Swali la mtego au saa: kipi kinamnasa anayejibu dodoso ovyo?
Swali la mtego, mfano "Hapa chagua namba 2", halina gharama, unaliandika tu. Lakini mzoefu wa madodoso hulinusa mara moja, na mzee aliyejibu kwa moyo wote huona anapimwa akili. Tena mtu akiteleza hapo tu, utatupa dodoso lake zima?

Saa, yaani kupima muda wa kujibu, haimkeri mtu. KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu ya dodoso, hurekodi muda wa kuanza na wa kumaliza; maswali 40 kwa dakika moja, huyo hakusoma. Ila aliyeacha simu akaenda kugeuza chapati, muda wake mrefu hausemi kitu.

Dodoso fupi, mtego mmoja watosha. Likiwa refu, ningeanza na saa, kisha niwatazame waliojaza 3, 3, 3 mpaka chini.