Miezi minane na gitaa la tumbo nusu: uzoefu wangu baada ya miaka 11 ya Strat

Kwa miaka 11 nilipiga gitaa moja tu la umeme, kopi ya Stratocaster (kwa kifupi Strat), umbo la kampuni ya Fender: pikapu tatu (vinasa vya mtikisiko wa nyuzi) za koili moja ya waya, mwili wa mbao nzima. Solo yake inakata kama wembe. Sebene, ile sehemu ya kuchezea ya wimbo, likikolea, nyuzi zake nyembamba husikika mpaka nje kwa wachoma nyama. Sikuwa na sababu ya kutafuta jingine, hadi mwaka jana mpiga ridhimu wetu alipohamia Arusha na bendi ikaniambia nikae kwenye nafasi yake.

Anayejua dansi la Dar es Salaam anajua kwamba ridhimu si kazi ya kuchapa kodi tu, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Ukisikiliza magitaa ya bendi kama Mlimani Park au Msondo, kila moja lina njia yake, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Solo iko juu, besi na tumba ziko chini, ridhimu inafuma katikati, na katikati hapohapo ndipo anapoimba mwimbaji. Strat yangu haikujua kukaa hapo. Baada ya wiki tatu mwimbaji wetu mkubwa alinivuta pembeni. "Mwanangu, mkono wako hauna neno. Ila hilo gitaa linadakia maneno yangu."

Nilipunguza trebo kwenye ampu, sauti ikawa butu. Nilihamia pikapu ya shingoni, ikapata unene kidogo lakini mvumo ukaja juu. Kwa hiyo niliamua kwamba pesa niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya Strat bora zaidi niipeleke kwenye gitaa la ukoo mwingine kabisa.

Nilijaribu ya aina tatu. La umbo la Telecaster lilikuwa zuri sana, lakini lilikuwa ndugu wa nililonalo: koili moja, urefu uleule wa uzi, ukali uleule, pengine na zaidi kwenye pikapu ya darajani. La umbo la Les Paul lilikuwa na unene nilioutaka, ila nililibeba begani nusu saa nikafikiria saa tano za jukwaani kila Ijumaa na Jumamosi, nikalirudisha. La tatu lilikuwa la tumbo nusu, kopi ya ES-335, ya mtu aliyekuwa akiuza vifaa vyake. Aliomba milioni moja na laki nne, tukaafikiana milioni moja na elfu hamsini, pamoja na kasha gumu. Kabla ya kulipa nilimwomba nikalipige nyumbani kwake kwa ampu yangu na waya wangu mwenyewe, na ninamshauri kila mnunuzi afanye hivyo, kwa sababu ampu ya mtu mwingine inaweza kukufanya upende gitaa ambalo kwako litasikika tofauti kabisa.

Umbo hili lilitoka kampuni ya Gibson mwaka 1958. Ukilitazama kwa mbele, lenye matundu mawili ya herufi f kama fidla, utadhani ni tumbo tupu. Sivyo. Katikati, kuanzia shingoni hadi chini, limepitishiwa gogo la mbao, na mabawa mawili ya pembeni ndiyo yenye uwazi. Gogo hilo ndilo linalozuia gitaa lisikorome ovyo, yaani lisianze kupiga kelele lenyewe, mbele ya spika, kama yanavyofanya yale ya tumbo zima. Na uwazi wa pembeni, kwa sikio langu, ndio unaoipa noti pumzi: inaanza laini, inafunguka, kisha inazimika mapema kuliko kwenye Strat. Kwa ridhimu, kuzimika mapema ni baraka. Kodi inasema neno lake na kuondoka, mwimbaji anapita.

Usiku wa kwanza jukwaani niligundua ukimya. Kwenye baa tunayopiga kuna taa za tyubu, friji tatu na nyaya zinazopishana kila upande. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na koili moja huudaka mvumo huo kama antena. Wenye Strat mtasema kwamba kwenye nyingi swichi ikiwekwa kati ya pikapu mbili mvumo hupungua. Ni kweli, hata yangu iko hivyo, lakini hapo unakuwa umefungwa kwenye sauti moja. Pikapu za gitaa langu jipya ni za aina iitwayo hambaka. Hambaka ina koili mbili zilizozungushwa kinyume, na sumaku zake zimegeuziana ncha. Mvumo unaingia kwenye koili zote mbili ukiwa umepingana, unajifuta, huku mtikisiko wa uzi ukijumlika. Seth Lover wa Gibson aliiombea hataza mwaka 1955, na mimi nikaja kuonja faida yake kwenye baa ya Sinza, katikati ya wimbo wa polepole, mwimbaji alipovuta pumzi na nyuma yangu pasisikike kitu. Nawasihi jambo moja tu wenzangu: hambaka haitibu ukosefu wa ethi, ule waya wa umeme unaoenda ardhini. Ukigusa maiki kwa mdomo na kurushwa, acha kupiga, tafuta fundi umeme. Hilo ni suala la uhai.

Mikono ilihitaji kama mwezi mmoja kuzoea. Urefu wa uzi wa Strat ni milimita 648. Wa hili jipya ni kama 628. Tofauti ya sentimita mbili inasikika ndogo, lakini nyuzi zilezile za unene wa namba 10 zikawa laini mno. Kila nikibonyeza kwa nguvu, kodi inapanda na kutoka kwenye tyuni. Nilipobadilisha kuwa namba 11 gitaa lilitulia, na sauti ikapata nyama zaidi.

Kitu kilichonibadilisha kabisa ni nobu, vile vifundo vya kuzungusha. Hapa kila pikapu ina nobu yake ya sauti na ya toni. Sasa pikapu ya shingoni naiweka sita kwa ajili ya beti, ya darajani tisa kwa ajili ya sebene, na nikitaka kuhama nagonga swichi tu. Nahama bila kuinama wala kukanyaga pedali. Angalizo: swichi ikiwa katikati, ukifunga nobu moja ya sauti hadi sifuri, gitaa zima linanyamaza. Ndivyo nyaya zilivyounganishwa kwenye umbo hili, si ubovu. Mimi nililijua hilo mbele ya watu.

Malalamiko ninayo, tena mazito. Mwezi wa tatu nati ya tundu la waya ililegea na tundu lote likadondokea ndani ya tumbo. Kwenye Strat ungefungua skrubu mbili ukamaliza. Hapa hakuna mlango. Fundi alilazimika kuvuta nobu, swichi na nyaya zote kupitia tundu la f, kila kimoja akakifunga uzi ili aweze kukirudisha mahali pake kwa kukivuta kutoka nje. Kazi ilichukua mchana mzima. Kwa kuwa vitu vyote vilikuwa mezani, nilimwomba aongeze kapasita ndogo kwenye nobu za sauti, maana nilipokuwa nikipunguza sauti ukali nao ulikuwa ukifa. Matokeo yamenifurahisha kuliko pedali yoyote niliyowahi kununua. Ukilinunua gitaa la aina hii, kaza nati hiyo siku ya kwanza na uiwekee washa ya meno.

Pia ni jitu kubwa, kama inchi 16 kwa upana. Strat niliiweka mgongoni nikapanda bodaboda. Hili linataka bajaji, na hiyo ni elfu nne au tano za ziada kila shoo. Siwezi kulipandisha boda hata kama lingeenea, kwa sababu kichwa chake kimeinamishwa nyuma na pale shingo inapokutana na kichwa ndipo hukatika likianguka chali. Kasha gumu si anasa. Na mbele ya spika bado linaweza kukoroma, hasa kwenye uzi wa tano. Mimi husimama hatua moja pembeni ya ampu badala ya mbele yake.

Je, linaweza solo? Linaweza, yenye sauti ya mviringo, tamu kwa nyimbo za taratibu. Ila ule mlio wa kioo ambao sebene la kasi linautaka, sijaupata humu hata kwa pikapu ya darajani, trebo ikiwa juu. Aliye peke yake kwenye bendi na anategemewa kwa solo za kasi, akiuza Strat ili anunue hili atajuta. Mimi sikuuza.

Jumapili mbili zilizopita mpiga solo wetu aliumwa na homa, nikaenda na magitaa yote mawili. Saa mbili za mwisho nilishika Strat. Wimbo ulipoingia kwenye beti, kidole changu kidogo kikaenda chenyewe kwenye nobu ya sauti kikairudisha hadi sita, jambo ambalo kwa miaka 11 sikuwahi kulifanya na gitaa lile. Mwimbaji akageuza shingo kunitazama, akaendelea kuimba.