TAHADHARI: Kesi ya kioo ya kompyuta na pawa saplai ya "wati 750". Nimeuziwa wati 264 kwenye boksi zuri

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikirudia neno. Yule muuzaji wa kesi za kioo zenye feni sita za rangi, yule wa video za kila jioni, msimpe hela zenu. Mradi wa kufunga kompyuta ya michezo mnaujua, orodha ya vifaa tuliijadili hapa mpaka ikachosha, sirudii. Vilikuwa vimebaki viwili tu, kesi (ganda la nje la kompyuta) na pawa saplai (kifaa kinachobadili umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta), na hapo ndipo nilipopigwa mchana kweupe.

Ngoja niwaeleze alivyofanya, maana jamaa ana ufundi wake.

Kwanza anakupa uzito. Anaitoa pawa saplai kwenye boksi, anakuwekea mkononi: "Sikia hiyo bosi wangu, hiyo siyo ya bati." Na kweli nzito. Kila anayefunga kompyuta anajua pawa saplai nyepesi ni ya kuogopa, kwa sababu uzito unatokana na transfoma, vipoza joto vya alumini na koili. Kwa hiyo mkono ukaridhika kabla ya akili.

Pili, anachukua klipu ya karatasi, anaikunja, anaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ya pini 24. Feni ikazunguka. "Unaona? Nzima." Akachomeka na kile kipimo kidogo chenye kioo: volti 12.1, volti 5.0, volti 3.3, zote kijani. Nikatikisa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa somo. Hapo ndipo ninapoona aibu, kwa sababu nikiwa na akili zangu najua kabisa waya wa kijani ni wa kuamsha tu. Ukiugusisha na mweusi unaiambia pawa saplai iwake, basi. Na kile kipimo hakivuti mzigo wowote wa maana. Ni sawa na kupima lori kwa kuwasha injini likiwa limesimama. Volti 12.1 bila mzigo hata takataka inaitoa.

Tatu, kabla hujaigeuza pawa saplai kusoma ubavu wake, keshaifunga ndani ya kesi. Ana bisibisi ya umeme, skrubu nne ndani ya sekunde ishirini, huku anakuonyesha rimoti ya kubadilisha rangi za feni. Stika ya vipimo ikageukia chini, ndani ya lile boksi la bati linaloficha pawa saplai. Ofa ya vyote viwili pamoja, anasema, na kazi ya kufunga ni bure. Bure hiyo ndiyo iliyofunika stika.

Kwa nini niliamini? Kwa sababu kila alichonionyesha kilikuwa kweli. Uzito kweli, feni kweli, volti kweli. Boksi lina alama ya 80 PLUS (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), kitabu cha maelekezo kipo, hata zile kamba za kufungia nyaya zipo. Ukiona vyaelea vimeundwa, na hiki kiliundwa hasa kwa ajili ya mtu anayejijua anajua.

Kompyuta iliwaka vizuri. Windows, intaneti, video, hakuna tatizo. Ukifungua mchezo wenye grafiksi nzito inakaa dakika mbili tatu kisha inazimika pwaa, kama umeme umekatika, halafu inajiwasha yenyewe. Nilipoweka mita kwenye waya wa njano huku mzigo umepanda, ilisoma volti 11.2. Kiwango cha ATX (kanuni za pamoja za pawa saplai za kompyuta), kwa matoleo ya kabla ya 3.0, kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani kuanzia 11.40 hadi 12.60. Hiyo ilikuwa imeshatoka nje ya uzio kabla hata ya kuzimika.

Ndipo nikaichomoa na kusoma ubavu. Wakuu, someni nami:

+3.3V ampia 28. +5V ampia 30. +12V ampia 22. –12V ampia 0.5. +5VSB (umeme wa kusubiri kompyuta ikiwa imezimwa) ampia 2. Juu yake, kwa herufi kubwa, 750W, na pembeni kwa herufi za kutafuta kwa miwani: MAX.

Chukueni kikokotoo. Volti 12 mara ampia 22 ni wati 264. Huo ndio umeme unaoenda kwenye prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya grafiksi (inayochora picha za mchezo), kwa sababu kwenye kompyuta ya leo vyote viwili vinakula kutoka volti 12. Kadi yetu inavuta wati 200, prosesa ikikazwa inafika 140. Jumla 340, bado feni na diski. Hiyo ni zaidi ya ampia 28 zinazodaiwa kutoka kwenye kitu kilichoandikwa 22. Na kadi ya grafiksi haivuti kwa utulivu. Kwa kufumba na kufumbua inapanda juu sana ya wastani wake halafu inashuka.

Kinachoniuma zaidi: hata ukijumlisha stika nzima haifiki. 3.3 mara 28 ni wati 92. 5 mara 30 ni 150. Weka 264, weka 6 za –12V, weka 10 za 5VSB. Unapata kama 522. Hizo wati nyingine 228 zinatoka wapi? Uongo umeandikwa na hesabu yake ya kuuumbua ikawekwa pembeni, na mimi sikugeuza kitu kusoma!

Pawa saplai ya kweli ya wati 750 inatoa karibu zote kwenye volti 12. Utakuta ampia 62 hivi kwenye safu hiyo. Hii yenye ampia 30 kwenye volti 5 ni ramani ya zamani, enzi za kabla ya mwaka 2000, wakati prosesa zilikula kutoka volti 5 na 3.3. Kiwango cha ATX12V kilikuja mwaka huo na ile plagi ya pini 4 ya prosesa, na mwaka 2003 toleo la 2.0 likaleta plagi kuu ya pini 24 na kuhamishia mzigo kwenye volti 12. Kwa hiyo jamaa ananiuzia mtambo wa kizamani uliovalishwa plagi mpya.

Nilirudi mara mbili. Mara ya kwanza akasema madabodi yangu (bodi kuu inayobeba vifaa) ni mbovu. Mara ya pili akasema warantii ni ya feni na taa tu. Baada ya hapo ndipo fundi mmoja wa saketi akaifungua. Na hapa jamani nasisitiza: usifungue mwenyewe kama hujui unachoshika. Kapasita ya upande wa ukutani inabaki na chaji hata baada ya kuchomoa, na kwenye umeme wa volti 230 inaweza kuwa na volti kama 325. Siyo za kuchezea.

Ndani: bonge la chuma limegandishwa kwa gundi nyeupe kwenye kona. Uzito wenyewe ndio huo! Lilipotolewa, kilichobaki hakikufika kilo 1. Transfoma ndogo kama kiberiti. Kwenye njia ya kuingia umeme, pale panapotakiwa kukaa koili na kapasita za kuchuja kelele, sehemu zimechorwa kwenye bodi lakini ziko wazi, badala ya koili wameunganisha vipande vya waya. Kapasita za upande wa kutoa ni za nyuzi 85, siyo 105, na zimekaa kando ya kipoza joto ambako zitakauka mapema. Saketi ya kuzuia ampia kupita kiasi haipo. Maana yake siku ikifa kwa ubaya, haifi peke yake.

Halafu ule waya wa kadi ya grafiksi. Pawa saplai yenyewe ilikuja na plagi moja ya pini 6, kwa hiyo fundi wa dukani akaongeza adapta: plagi mbili za Molex (zile za kizamani za pini 4) zinaingia, pini 8 inatoka. Kiwango cha pini 8 ni wati 150, sawa na ampia 12.5. Kwenye pawa saplai halali hizo ampia zinagawanywa kwenye nyaya tatu za njano, kila moja inabeba kidogo zaidi ya 4. Hapa Molex zote mbili zilikuwa kwenye kamba moja, kwa hiyo mzigo wote unapita kwenye waya mmoja mwembamba. Plastiki ya plagi ilikuwa imeshaanza kugeuka rangi ya chai. Wiki moja zaidi tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Mtu kama huyu hafai kuitwa mfanyabiashara. Arudishe hela ya kila mteja aliyemfungia pawa saplai hiyo, halafu anyang'anywe leseni. Kumfokea hakutoshi, huyu anauza moto kwenye boksi.

Kesi nayo, maana ni ofa moja. Mbele ni kioo kitupu, hewa inaingia kwa mwanya wa pembeni usiopitisha kidole. Feni tatu za mbele zinavuta kutoka kwenye kioo, yaani hazivuti kitu, zinang'aa tu. Zote sita zinachukua umeme wa Molex, kwa hiyo madabodi haina amri juu ya kasi yake: ama zinavuma muda wote ama zimezimwa. Tangazo linasema kadi ya hadi milimita 330 inaingia. Inaingia ukiondoa feni za mbele! Feni ina unene wa milimita 25, bakia ni 305. Ukitaka kuweka rejeta ya kupozea kwa maji hapo mbele, ongeza nyingine 27 hivi, unabaki chini ya 280. Bati lenyewe ukilibonyeza kwa kidole gumba linaitika. Na zile nguzo za shaba za kuinua madabodi alifunga sita. Moja ilikuwa mahali ambapo madabodi haina tundu, imegusa viungo vya risasi vya chini ya bodi. Bahati tu haikupiga shoti.

Ni haki mtu afunge nguzo mahali pasipo na tundu halafu adai kazi yake ni ya kitaalamu? Apigwe marufuku kwenye kila kundi la mauzo. Wasimamizi mkisoma hii, nawaomba.

Dalili za kuangalia kabla hujanunua, haraka haraka, kichwa kinaniuma. Geuza pawa saplai usome safu ya +12V kabla ya kulipa, zidisha ampia kwa 12. Kama kuna 12V1 na 12V2 (safu ya +12V iliyogawanywa) usijumlishe, tafuta wati za pamoja zilizoandikwa chini yake. Swichi nyekundu ya 115/230 nyuma ni alama mbaya, na ikikaa pamoja na stika ya 80 PLUS basi mojawapo inadanganya: 80 PLUS inadai pawa fakta (kipimo cha jinsi kifaa kinavyotumia vizuri umeme kinaovuta ukutani) ya 0.9, na mtambo wa swichi hiyo kwa kawaida hauna saketi ya kuifikia. Pawa saplai nyingi za siku hizi zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe. Na hiyo swichi ikiwa kwenye 115 ukachomeka kwenye 230, utasikia mlio. Tafuta modeli kwenye orodha ya 80 PLUS yenyewe, isipokuwemo iache. Hakuna kitu kinaitwa "85 PLUS". Hata hivyo alama hiyo inapima upotevu wa umeme, haikuhakikishii kinga.

Plagi ya prosesa iwe 4+4, siyo 4 tupu. Pini 8 za kadi zitoke kwenye pawa saplai yenyewe. Na kama ni ile ya nyaya za kuchomoa, usikubali akuchanganyie nyaya za modeli nyingine hata zikiingia. Upande wa kadi na diski unafanana, upande wa pawa saplai kila mmoja anapanga pini anavyotaka, na diski zimeungua kwa sababu hiyo.

Kuna nyingine nimesahau, mtaongezea.

Lakini huyu jamaa jamani! Jana ameweka video mpya, kesi ileile, klipu ileile ya karatasi, safari hii anaandika wati 850. Nimeandika chini ya video "geuza stika tuone", akafuta na kunifungia. Mwingine aandike. Tuandike sote mpaka aigeuze.

Ya kwangu nimeikata plagi ya pini 24 kwa koleo, asije mtu akaiokota na klipu ya karatasi mkononi.